Siku Shangazi Alipotangulia

Juzi nilikuwa stendi ya Bunda, nimekaa kwenye benchi la fundi viatu, mguu mmoja nina kiatu na mwingine nimevaa ndala ya kuazima, nikisubiri soli yangu ishonwe. Fundi akachoma kipande cha mpira wa tairi ili azibe kiatu cha mteja mwingine. Moshi ule mweusi uliponifika puani, machozi yakanitoka palepale. Fundi akaniomba radhi, akasogeza moto upande wa pili. Nikamwambia asihangaike. Ningemwelezaje mtu nisiyemjua kwamba hiyo ndiyo harufu ya shangazi yangu, kwamba tumemzika mwaka huu, na kwamba tangu tumzike hajawahi kunijia karibu namna ile?

Shangazi Nyangeta alikuwa dada pekee wa baba yangu. Akiwa mdogo aliugua ugonjwa wa kupooza, miguu yake ikabaki miembamba, imekunjamana, haina kazi. Alitembea kwa mikono na magoti. Mikononi alivaa ndala, na magotini alifunga vipande vya tairi alivyovikata mwenyewe, akavipasha moto na kuvikunja vikiwa bado laini mpaka vikakaa sawasawa. Vikishalika, alikaa jikoni kutengeneza vingine, na nyumba nzima ikanuka mpira. Ninyi wa rika langu mliovaa makatambuga, vile viatu vya tairi, mnaijua harufu hiyo. Mama alikuwa akilalamika kwamba inaingia hadi kwenye ugali, lakini mimi niliipenda kuliko harufu ya maandazi.

Tuliishi kijiji cha kando ya ziwa, upande wa Mugango, kwenye majabali yanayoingia hadi majini. Shangazi aliishi kwetu tangu kabla sijazaliwa. Asubuhi alishuka ufukweni akakaa kwenye gunia lake kushona nyavu za wavuvi, na hapohapo akawa msimamizi wa dagaa wa wanawake wote walioanika mchangani. Hakuwa na haja ya kunyanyuka. Alikuwa na sauti ya kufukuza kunguru wa kijiji cha jirani. Akiona wingu baya alipiga ukelele mmoja tu, na wanawake walitoka mbio na mabeseni kuzoa dagaa wao kabla mvua haijawaharibu. Sijawahi kuona mtu aliyekaa chini akikimbiza watu wengi namna ile.

Na kwa kuwa aliishi chini, aliwajua watu kwa miguu. Sisi tunatazama sura; yeye alianza na visigino. "Huyo anayekuja anataka kuazima chumvi," alikuwa akisema wakati mtu bado yuko mbali, "na ya juzi hajarudisha, muone anavyotembelea vidole." Mtu akifika, kweli anaomba chumvi. Alimjua mlevi, alimjua mwenye hasira, alimjua msichana aliyekuwa ametoka kuonana na mvulana kwa jinsi alivyofuta vumbi miguuni kabla ya kuingia nyumbani. Dada yangu Sabina alipata tabu sana na jambo hilo.

Mimi hakuniita jina langu hata siku moja. Nimerithi jina la bibi, mama yao, kwa hiyo kwake nilikuwa mama. "Mama, niletee maji." "Mama, mbona umenuna, nani kakuudhi nimchape?" Wageni walishangaa kuona mwanamke mzima akimwita mama mtoto mwenye meno ya mbele yaliyong'oka. Mimi sikushangaa. Nilijiona nina mtoto mkubwa mwenye akili.

Sasa nisikilizeni jinsi akili ya mtoto inavyojenga mambo yake. Kanisa letu lilikuwa juu kabisa ya majabali, na njia ya kupanda ilikuwa mawe matupu. Kila Jumapili kijana mmoja alichuchumaa mbele ya Shangazi, akasema, "Panda, dada," na Shangazi akapanda mabegani. Huko juu alikuwa mrefu kuliko watu wote. Aliwasalimia waumini kutoka juu, akawaambia wanaume kwamba kinyozi anawadanganya, utosini kumebaki mabaka. Akienda hospitali Musoma, wavuvi walimbeba hadi kwenye mtumbwi asiguse maji, wakati sisi wengine tuliingia majini tukiwa tumekunja nguo. Wengine wote walitembea. Yeye alibebwa.

Nikachunguza ni nani mwingine anabebwa. Timu ya shule yetu ilipoifunga shule ya jirani, nahodha alibebwa juujuu. Bikira Maria mwenyewe, siku ya maandamano ya kanisani, hakutembea. Wanaume wanne walimbeba na nyimbo juu. Nikamaliza kazi. Duniani wanaobebwa ni washindi na wakubwa, na kwetu mkubwa ni Shangazi. Magoti yake ya mpira niliyaona kama nyota za askari. Siku moja nami nikajaribu bahati yangu: nilikaa chini katikati ya njia ya shule, nikatangaza kwamba sitembei, nibebwe. Mama alikuja na fimbo ya mwarobaini, na nilitembea mpaka darasani bila kugeuka nyuma.

Ndipo Sabina akapata mchumba. Alikuwa Musoma mjini akijifunza cherehani, akakutana na kijana wa Butiama anayeitwa Magori. Wakwe walipokuja kujitambulisha, Shangazi alikuwa jikoni akikaanga samaki, nami nilikuwa naye pamoja na Sabina. Mlango wa jikoni ulikuwa na upenyo chini, akaweka shavu sakafuni akawachungulia. "Kijana ana miguu ya mtu wa kazi," alimnong'oneza Sabina, ambaye jasho lilikuwa likimtoka. "Mpe ndiyo. Ila huyo mzee mrefu, hivyo viatu kaazima."

Huyo mzee mrefu alikuwa Mzee Wambura, baba mkubwa wa Magori, ndiye msemaji wao. Siku ile alipata aibu ambayo ilikuja kuwa na faida. Kwetu mgeni wa heshima anapewa kichwa cha sato. Mzee Wambura ni mtu wa ng'ombe. Alipoona samaki anamtazama kutoka kwenye sahani, alikisukuma kichwa pembeni kwa kijiko na kula mkia. Wazee wetu waliweka mikono chini. Ilisemwa kwamba amekataa heshima ya nyumba, wakatozwa faini ya kreti ya soda, na hawakuondoka mpaka iliponunuliwa. Mzee wa watu aliomba msamaha kwa kila mtu, hadi kwangu. Akaapa kwamba hatarudia. Siku akija kumchukua mtoto wetu atafanya kila kitu kama tunavyofanya sisi.

Lazima niwaeleze pia jambo moja la nyumbani kwetu. Siku binti anapoondoka, hatolewi ndani na baba wala mama. Anatolewa na shangazi yake. Shangazi anatangulia, bibi harusi anafuata, na kuanzia mlangoni hadi kwenye gari la wakwe bibi harusi anafanya lilelile analofanya shangazi. Shangazi akisimama, naye asimame. Akicheza, acheze. Akilia, alie, hata kama moyoni anacheka. Watu wengine wote wanakuja nyuma kwa mwendo huohuo, na hakuna ruhusa ya kumpita. Hiyo ni siku ya shangazi. Wapo wanawake kwetu wanaoisubiri tangu kaka yao alipopata mtoto wa kike wa kwanza.

Baba Mkubwa, kaka mkubwa wa baba na Shangazi, alikuja kutoka Bunda ambako ana duka la vipuri. Yeye ndiye alikuwa akigharamia send-off, sherehe ya kumuaga Sabina, kwa hiyo neno lake lilikuwa neno. Alikaa sebuleni na baba na mama. Shangazi alikuwa pale chini na wavu wake mapajani, mimi nimemwegemea.

"Nimefikiria sana," alisema Baba Mkubwa, na hakumtazama Shangazi. "Wale watu hawatujui. Wakimuona Nyangeta watasema huu ukoo una ugonjwa. Wataogopa wajukuu. Mimi nimeshaonaga ndoa inavunjika watu wakiwa wamevaa suti. Sasa Eliza atakuja kutoka Bunda, ndiye atamtoa mtoto. Eliza naye ni shangazi, si binti wa baba mdogo?"

Mama aliinuka, akaenda jikoni, tukasikia sufuria zinavyowekwa chini. Baba alitazama sakafu. Alimpenda dada yake, lakini hajawahi kumpinga kaka yake hata kwenye bei ya mbuzi.

Mimi nilimtazama Shangazi, nikisubiri maneno. Yeye aliyemjibu hata katekista! Alivuta uzi wa wavu, akaukata kwa meno.

"Kama nitamharibia mtoto, mimi nakaa ndani, kaka," alisema. "Sina neno."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia hana neno. Watu wazima waliopo hapa wanaelewa alikuwa ametoa nini. Sabina alilelewa naye, mama akiwa sokoni. Sabina alijifunza kutambaa akimfuata yeye, na mama alikuwa akicheka kwamba mtoto alichelewa kusimama kwa sababu alidhani watu wote wanatembea hivyo. Siku yake moja ya kutangulia mbele ya watu ilikuwa hiyo, na akaiachia.

Mimi, mjinga wa watu, nilifurahi. Nilijua mambo yalivyo. Mgeni rasmi shuleni kwetu haji na watu wengine. Anafichwa ofisi ya mwalimu mkuu anakunywa soda, halafu wengine wakishapigwa jua vya kutosha ndipo anatoka. Nikaona Baba Mkubwa kapanga vizuri sana.

Siku ikafika. Wakwe walikuja na basi dogo la Kosta na pikapu iliyofungwa maua, wakipitia Kiabakari, wamejaa vumbi na nyimbo. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na barabara, spika zinapiga mpaka mabati yanatetemeka. Wageni walikula, safari hii kichwa cha sato kikapelekwa kwa Mzee Wambura, naye akakila chote, akanyonya na mifupa, huku akiwatazama wazee wetu kama mtoto anayeonyesha daftari. Shangazi Eliza alikuwa na wigi jipya na viatu virefu vinavyozama mchangani. Sabina alikuwa chumbani na gauni lake la kijani, kimya. Na mimi niliambiwa nikae chumba cha nyuma na Shangazi, nisitoke.

Chumba kile kiliwekwa magunia ya dagaa na masufuria ya akiba. Shangazi alikuwa amevaa kitenge kipya alichokinunua siku nyingi, tangu posa. Alikivaa hivyohivyo, ingawa hakuna mtu angemuona. Alisikiliza spika, akasikiliza mshereheshaji akiita, "Tunamuomba shangazi atutolee binti yetu!" Akashusha kichwa.

"Shangazi," nikamwambia, "wanakuja saa ngapi kukubeba?"

"Nani kakwambia nabebwa?"

"Si wewe ndiye mgeni rasmi?"

Akanitazama. "Mgeni rasmi wa nini, mama?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote kwa mpangilio: nahodha, Bikira Maria, mtumbwi, kanisa, mwalimu mkuu na soda. Nilimwambia nilishajaribu kubebwa nikachapwa kwa sababu mimi bado sijawa mkubwa. Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha lakini machozi yakaendelea.

"Kwa hiyo siku zote hizi," aliuliza polepole, "wewe unaonaga mimi nabebwa kwa ukubwa?"

"Ndiyo. Kwani kwa nini?"

Alijifuta kwa pindo la kitenge. Akachukua vipande vyake vya mpira, akavifunga magotini, akakaza kamba kwa meno. Akavaa ndala mikononi.

"Fungua mlango, mama. Tunawachelewesha watu."

"Niwaite vijana wakubebe?"

"Leo sibebwi."

Nilijisikia vibaya, nawaambia ukweli. Niliona kama amejishusha cheo mwenyewe siku ya sherehe. Lakini nikafungua.

Alipita ukumbini, ndala zikipiga sakafu, pa, pa, pa. Shangazi Eliza alikuwa mlangoni kwa Sabina akimbembeleza atoke, na Sabina amekataa, amekaa kitandani kama jiwe. Eliza alipomuona Shangazi alishusha pumzi, akavua viatu vyake vile. "Afadhali umekuja, dada," alisema. "Mimi hii kazi ilikuwa inanitesa tangu Bunda."

Shangazi akasimama mlangoni kwa Sabina. "Wewe mtoto. Inuka twende. Unafuata nyuma yangu, usinipite."

Sabina alitazama mikono ya Shangazi ilivyo chini, akatazama gauni lake. Kisha akalikusanya gauni, akalifunga kiunoni kwa kanga, akapiga magoti, akaweka viganja sakafuni. Hakulazimishwa na mtu. Desturi yetu inasema bibi harusi afanye afanyavyo shangazi, naye aliijua kazi hiyo tangu akiwa hana jino.

Walipotokeza mlangoni, vigelegele vilianza na kukatika katikati. Mpiga muziki alizima spika. Nilikuwa nyuma yao, nikaona watu wote wametulia, vijiko vimesimama hewani. Baba Mkubwa alikuwa meza kuu na kipaza sauti mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona duka lake linaungua. Shangazi hakumtazama. Aliinua kichwa, akaanzisha wimbo wa kuaga binti kwa ile sauti ya kufukuza kunguru, akatua kwenye mchanga. Sabina akamfuata, mikono na magoti, na shela lake likiburuza vumbi.

Hapo ndipo Mzee Wambura alipofanya lile ambalo Butiama nzima wanalisimulia mpaka leo. Mwenyewe alitueleza baadaye jinsi alivyofikiri. Alimuona shangazi anatoka kwa mikono na magoti, tena amevaa ndala maalumu na mpira maalumu magotini, ameandaliwa kabisa. Alimuona bibi harusi naye yuko chini. Akakumbuka kichwa cha sato. Akajiambia, hii ndiyo mila ya watu wa ziwa, na leo hawanitozi tena. Akawageukia watu wake, akanong'ona kwa sauti ambayo wote tuliisikia.

"Shukeni! Shukeni chini haraka! Ndivyo wanavyofanyaga hawa!"

Na yule mzee mrefu, na suti yake ya kaki, akashuka. Akaweka mikono mchangani. Mama yake Magori akamfuata, mwanamke mnene na mwenye heshima zake, akakunja kitenge akapiga magoti. Magori akashuka na tai yake ikining'inia. Mashangazi wa Butiama, wajomba, vijana wa kwaya waliokuja nao, dereva wa Kosta, wote wakashuka, wakaanza kutambaa nyuma ya Sabina huku wakiitikia wimbo wasioujua. Mama yangu alikuwa wa kwanza kwa upande wetu. Baba alimfuata bila kumwangalia mtu. Majirani wakaona hakuna namna, wakashuka. Wanawake wa dagaa walishuka wanacheka na kupiga vigelegele, na safari hii havikukatika.

Akabaki mtu mmoja amesimama katika uwanja mzima, na kipaza sauti mkononi. Angeweza kuwaambia wageni kwamba wamekosea, hiyo siyo mila. Lakini wangeuliza, basi ni nini? Baba Mkubwa alitazama kushoto, akatazama kulia. Akaweka kipaza sauti juu ya meza, akashusha goti moja, kisha la pili, na nikasikia yalivyolia.

Jamani, mimi nimeona sherehe nyingi. Sijaona nyingine kama ile. Kutoka mlangoni hadi barabarani siyo mbali, lakini kwa mwendo wa Shangazi tulikwenda na kwenda, na hakuna aliyempita. Alikuwa akisimama makusudi kupumua, na umati mzima unasimama. Akitikisa mabega, mabega yote yanatikisika, ya wazee na ya watoto. Mimi nami nilikuwa nimechelewa kushuka, kwa mshangao. Nilipokuwa chini nikatazama mbele, na kwa mara ya kwanza nikaona kile alichokuwa akikiona yeye kila siku, nyayo za watu, mamia ya nyayo zenye vumbi, zimegeuzwa juu. Na mbele ya wote kulikuwa na kitenge chake kipya kikiongoza. Moyo wangu ulijaa hata nikashindwa kuimba.

Kwenye pikapu yenye maua akasimama, akageuka. Wote tukakaa chini mchangani tukihema. Mzee Wambura alisogea kwa magoti mpaka mbele yake, ameloa jasho.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa Shangazi alikuwa mdogo kwake kabisa. "Tumekosea popote?"

Shangazi angeweza kusema hapana, na mambo yangeishia hapo. Gari lilikuwa tayari, Sabina ameshika mlango.

"Hamjakosea, mzee wangu. Mmetembea vizuri," alisema Shangazi, akipaza sauti ili wote wasikie. "Ila siwezi kumuacha mtoto aende kwenu na uongo. Huku kwetu watu wanatembea kwa miguu kama nyie. Mimi peke yangu ndiye natembeaga hivi. Niliugua nikiwa mdogo, miguu ikafa. Siyo ya kurithi, lakini kama mnaiogopa, semeni sasa hivi, kabla hajapanda."

Baba Mkubwa alifumba macho. Sabina aliuachia mlango wa gari, na Magori akamshika mkono akaukaza. Mzee Wambura alitazama magoti ya suruali yake, akatazama magoti ya mpira ya Shangazi.

Aliyejibu ni mama yake Magori. Alikuwa bado chini, anafuta mchanga viganjani. "Dada yangu," alisema, "mimi toka hapo mlangoni mpaka hapa magoti yamekufa. Wewe umekwenda hivyo maisha yako yote, na huyu mtoto umemlea. Sasa mimi niogope nini? Mtoto apande gari."

Mzee Wambura akapata sauti. "Subirini kwanza!" alisema kwa ukali, mpaka tukashtuka. "Kwa kichwa cha samaki mlinitoza kreti. Leo mmenitembeza kwa magoti na suti ya watu, kumbe siyo mila! Faini yenu iko wapi?"

Kicheko kilichotoka hapo kiliwaamsha popo kwenye majabali. Kreti ya soda ililetwa mbio, na chupa ya kwanza Mzee Wambura aliifungua kwa meno akampa Shangazi, kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo hakuna binti wa nyumba yetu aliyetoka amesimama. Mimi nilitolewa hivyo, na Shangazi Nyangeta ndiye aliyetangulia, ameshakuwa na mvi. Mabinti wa kaka zangu nimewatoa mimi, na miguu yangu mizima, na nikishuka mlangoni wageni wanashuka bila kuambiwa. Huko Butiama wanasema hiyo ni mila ya watu wa ziwa, tena ya kale sana. Nimechoka kuwasahihisha.

Lakini kuna jambo la jioni ile ambalo halisimuliwi sana, kwa sababu lilifanyika kimya. Wageni walikuwa wameondoka, na sisi wenyeji tulikuwa bado hatujala. Shangazi alikaa kwenye kiti cha meza kuu, kitenge kimejaa vumbi, mikono imechafuka mpaka viwiko. Binti mmoja alikuwa akipita na jagi na beseni kuwanawisha wazee. Kwetu mwanaume mkubwa ananawishwa, hanawishi mtu. Baba Mkubwa aliinuka, akampokea yule binti jagi. Alipita mbele ya wazee waliokwisha kunyoosha mikono, akaenda hadi kwa dada yake, akachuchumaa.

Alimvua zile ndala mikononi, moja baada ya nyingine, akaziweka pembeni. Akamwagia maji. Akachukua sabuni, akamsugua mwenyewe mkono mmoja, kila kidole, na kiganja kile kigumu, na maji yakaingia kwenye beseni yakiwa mekundu kwa vumbi.

"Nyangeta," alianza, na hakuweza kumaliza.

Shangazi akamnyooshea mkono wa pili.

"Ongeza maji, kaka," alisema. "Huu bado."

Akaongeza, na watu wote tulisubiri chakula mpaka alipomaliza.